Mkate Uliookwa kwa Mlango wa Ukasha

Imepokewa kutoka kwa waja waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Karmuni palikuwa na mjane mmoja, jina lake Bi Lubaba binti Hunaidi, mwenye tanuri la mikate nyuma ya msikiti wa Ijumaa. Na mwenye masikio ayatege vizuri, maana kisa hiki hakimbembelezi mtu.

Bi Lubaba hakuwa walii wa kutembea juu ya maji. Alikuwa mwanamke wa mikono mipana na ulimi mkali. Aliswali swala zake tano, alifunga Jumatatu na Alhamisi, na akimkuta mtu anapunja unga sokoni humtolea uvivu hapohapo mbele ya watu. Wanawake wa mtaa mzima walimletea unga waliokwisha kuukanda. Yeye anaoka, na katika kila sinia anachukua mkate mmoja ndio ujira wake. Marehemu mumewe hakumwachia kitu ila nyumba ile na tanuri lile, na tanuri likamtunza kuliko watoto wa watu wengi wanavyowatunza mama zao. Ndiyo, na wewe msomaji umo. Ukimaliza kusoma nenda kamwamkie mama yako.

Sasa, msikiti ule ulikuwa mdogo. Hilo lazima lisemwe, tena lisemwe kwa haki. Siku ya Ijumaa watu walijaa mpaka njiani, wakaweka vipaji vya nyuso zao juu ya mawe yanayowaka jua. Bi Lubaba mwenyewe ndiye aliyekuwa akipiga kelele kila kiangazi: "Mtaupanua lini? Au mnangoja nianze kuoka mikate juu ya migongo ya wanaosujudu?" Kwa hiyo Amiri wa mji, Mundhiri bin Shadadi, alipotangaza kwamba msikiti utapanuliwa, na kwamba mtaa wa watengeneza matandiko ya farasi ulio nyuma yake utachukuliwa na wenyewe walipwe haki yao, Bi Lubaba alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti iliyosikika hadi sokoni.

Walipwe haki yao! Neno tamu hilo. Amiri alilitamka, akapanda farasi wake, akaenda zake kula chakula cha mchana. Kazi yenyewe akamwachia msimamizi wake, Dhirari, mtu mwenye kilemba kikubwa kuliko akili iliyokaa chini yake. Tasbihi haikumtoka mkononi na inshallah haikumtoka mdomoni, na baina ya tasbihi na inshallah ndipo alipokuwa akiwadhulumu watu.

Palikuwa na desturi katika mji ule. Nyumba haikuhama kwa mwenyewe kwenda kwa mwingine mpaka mwenyewe atoke nje kwa miguu yake, aufunge mlango kwa mkono wake, aseme mbele ya kadhi: "Nimetoa kwa radhi yangu." Kabla ya hapo, hata umwagie dhahabu sakafuni, nyumba bado ni yake. Dhirari akaona desturi hii itamchelewesha. Watu watajadili bei. Watakataa. Watataka kuulizwa, kama kwamba nao ni watu!

Basi akafanya nini? Alingoja alfajiri moja, wanaume wa mtaa wamo msikitini, imamu anasoma, akawatuma vibarua wake waing'oe milango. Hebu tulia hapo kidogo. Watu wako mbele ya Mola wao, wamefunga mikono vifuani, huku nyuma yao, kwa jina la msikiti huohuo, nyumba zao zinavuliwa milango! Mwizi wa kawaida walau ana haya. Akisikia adhana hujificha. Huyu aliisikia adhana akaona ndiyo fursa.

Nyumba zikabaki wazi kama vinywa vya vibogoyo. Vumbi likaingia, mbuzi wakaingia, mbwa wakalala kwenye majamvi ya watu. Wake za watu wakatundika mashuka milangoni ili wapate sitara. Dhirari akaacha upepo na mbuzi wamfanyie kazi yake, kisha ndipo akaja na wathamini wake, akanyoosha kidole: "Nyumba gani hii isiyo na mlango? Hili ni gofu. Andikeni bei ya gofu." Ua usio na paa ukahesabiwa kuwa ni hewa tu. Kisima kikahesabiwa kuwa ni shimo. Na pa kuhamia wakaonyeshwa kiwanja nje ya ukuta wa mji, upande wa wachuna ngozi, mahali ambapo hata inzi huenda kwa kulazimishwa.

Alikuwapo jirani yake Bi Lubaba, mtengeneza matandiko aitwaye Mzee Ukasha, mgongo umepinda kwa kazi, maneno yake machache. Alipotajiwa bei alisema: "Rudisheni mlango wangu kwanza. Nikae ndani kama mtu mwenye kwake, halafu tuongee." Dhirari akacheka mpaka kilemba kikaenda upande.

Ni mlango mmoja tu uliosalia mtaa mzima, nao ni wa Bi Lubaba. Alfajiri ile alikuwa nyumbani akiwasha tanuri, na vibarua walipoushika mlango wake aliwatokea na lile koleo refu la kutolea mikate, lina moto bado. Mmoja wao, inasemekana, hakukaa kitako siku kadhaa.

Dhirari alipoona nguvu haziwezi, akaleta asali. Alikuja mwenyewe, akavua viatu kwa adabu mlangoni.

"Bi Lubaba, mama yetu, nguzo ya mtaa huu," akaanza. "Nani asiyejua fadhila zako?"

"Wewe," akajibu Bi Lubaba. "Juzi ulinitumia watu na mashoka. Sema unachotaka, unga wangu unachacha."

Akasema. Kule karibu na lango la soko palikuwa na nyumba mpya, ina kisima uani na tanuri la matofali ambalo halijawashwa hata mara moja. Itakuwa yake. Anachotakiwa ni kidogo tu: Ijumaa Amiri atakuja na kadhi kuweka jiwe la msingi, na Amiri atapenda kuiona ile desturi. Basi Bi Lubaba atoke, aufunge mlango wake mbele yao, aseme amezitoa nyumba za mtaa kwa radhi, yeye na majirani zake. Na mikate ya karamu aoke yeye. Basi.

"Na majirani zangu wamenituma?"

"Mama, wewe ni mama yao. Mama hangoji kutumwa."

Kilemba cha ukoka hicho, na alivikwa kikamkaa. Alikwenda kuiona ile nyumba. Akainama akaingiza kichwa ndani ya tanuri jipya, akapitisha kiganja juu ya matofali, laini kama shavu la mtoto. Akachungulia kisimani akaona maji. Miaka yote alikuwa akibeba maji kutoka mtaa wa pili, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsema. Akajiambia: Mimi ni mzee. Hawa akina Ukasha ni wanaume, wana midomo, wajitetee. Na msikiti utajengwa tu, niseme nisiseme.

Akauchukua ufunguo.

Usimcheke. Wewe ungeuliza hata mapazia yako wapi.

Ikafika Ijumaa. Hema la Amiri likapigwa kwenye uwanja uliokwisha kusafishwa, na tangu asubuhi Bi Lubaba alikuwa mbele ya tanuri lake, jasho linamchuruzika, anaoka mikate ya wakubwa. Kuni zililetwa na vibarua wa Dhirari, mzigo baada ya mzigo. Zilikuwa kuni nzuri, kavu, zinashika moto kwa pupa. Akashukuru. Hakuzitazama, nani anayetazama kuni? Alikuwa akitupa na kuoka, akitupa na kuoka, na masinia yakaanza kwenda hemani kabla ya swala, na mengine baada ya swala.

Kisha akashika ubao mmoja uliokuwa mpana kuliko tundu la tanuri. Akauinua auvunje gotini. Ukamgeukia, akaona mkono.

Ulikuwa alama ya kiganja cha hina, vidole vitano vimetanuka, rangi imefifia kuwa ya kahawia. Watu wa Karmuni walikuwa na mila hiyo: binti akitoka kwa baba yake kwenda kuolewa, hubandika kiganja chake chenye hina mbichi juu ya mlango wa kwao. Mkono ule Bi Lubaba aliujua. Ndiye aliyeichanganya hina ile. Ndiye aliyemshika kifundo Safura, binti pekee wa Ukasha, akamwambia, "Bonyeza, mwanangu, usiogope." Na Safura hakumaliza mwaka huko alikoolewa, alifia uzazini yeye na kitoto chake. Kaburi lake liko nchi ya mbali. Kwa baba yake kilichokuwa kimebaki ni kile kiganja mlangoni.

Bi Lubaba akageuka kuzitazama kuni zilizosalia. Sasa akayaona matundu ya misumari. Akaona bawaba. Akaona nakshi ya mlango wa yule mwuza hatamu, na kitasa cha mlango wa yule bibi kiziwi. Kisha akatazama ndani ya tanuri, mlango wa nani mwingine ulikuwa ukiteketea humo asiweze tena kuujua. Mikate ilikuwa inanukia vizuri. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, kwamba ilinukia vizuri vile.

Na hapa shetani hakulala. Alimnong'oneza: Ufiche ubao. Mpe Ukasha baadaye, kimyakimya, atakushukuru. Nenda kafunge mlango wako, ufunguo umo kiunoni. Nani atakayejua?

Dhirari akaingia uani, anajifuta midomo. "Bi Lubaba, twende. Amiri ameshakula, kadhi ameshakula, wanakungoja."

"Dhirari, kuni hizi umezitoa wapi?"

"Kuni ni kuni, mama."

"Hii ni milango ya watu."

"Ilikuwa," akasema Dhirari. "Si ingeoza tu pale ilipolundikwa? Nimeokoa fedha ya wakfu."

"Na Ukasha ataambiwa nini?"

"Ukasha ataambiwa amshukuru Mungu. Mlango wake umepika chakula cha wajenzi wa msikiti. Thawabu zitamfuata mpaka peponi."

Bi Lubaba aliuweka ule ubao chini ya kwapa, akafunga mtandio wake vizuri, akatoka, unga ungali mikononi mwake.

Hemani Amiri Mundhiri alikuwa ameegemea mto. Kando yake Kadhi Sawari, mwanachuoni mkubwa, alikuwa anaimalizia kona ya mkate kwa mchuzi. Nje ya kamba za hema walisimama watu wa mtaa, Ukasha miongoni mwao. Hawakualikwa. Karamu ya kuchukua nyumba zao, na hakuna aliyekumbuka kuwapa hata maji!

"Karibu, mama," akasema Amiri kwa upole. "Tunaungoja mlango wako."

"Bwana Amiri, mkate umekupendeza?"

"Sijapata kula mfano wake."

"Na wewe, shekhe?"

Kadhi mdomo ulikuwa umejaa. Akatikisa kichwa kwa ridhaa.

"Basi mjue mlichokula. Mmekula mlango wa Mzee Ukasha. Mmekula na mlango wa mwuza hatamu, na wa bibi kiziwi, na mingine imeshakuwa majivu siwezi kuwatajia wenyewe. Iling'olewa alfajiri, wenyewe wakiwa nyuma ya imamu. Na huu ndio ubao wa Ukasha uliosalia." Akauweka ubao juu ya busati, kati ya masinia, kiganja cha hina kikitazama juu. "Na mimi ndiye niliyeoka, tena nilikuwa nakuja hapa kusema nimeridhika. Huyu msimamizi wako amenipa nyumba yenye kisima niseme kwa niaba ya watu ambao hawakunituma. Nikaitaka. Wallahi niliitaka sana. Ufunguo wake huu hapa."

Ufunguo ukaanguka ndani ya bakuli la mchuzi.

Dhirari akaruka: "Maulana, mwanamke huyu anapinga nyumba ya Mungu!"

"Ninapinga?" Bi Lubaba sauti ikampanda, na waliokuwapo wanasema mishipa ya shingo ilimsimama. "Mimi ndiye niliyelilia msikiti huu upanuliwe! Lakini niambie, Dhirari, Mola mwenye mbingu na ardhi lini amekuwa fukara wa kiwanja, hata atume watu wakamvizie maskini kwenye sijida wamwibie mlango? Mngemwuliza Ukasha! Mngemlipa nyumba kwa nyumba, kisima kwa kisima! Mmemvunjia kwanza, ndipo mkamwambia kwake pamevunjika, na bei ni ya pahali palipovunjika. Hata mnyang'anyi wa njiani hamtozi mtu kwa kupigwa!"

Amiri alikuwa akiutazama mkate mkononi mwake kama mtu aliyeshika nge. Akauweka chini polepole. Kisha akamgeukia kadhi: "Swala itakayoswaliwa mahali hapa, hukumu yake nini?"

Kadhi Sawari alikuwa na tonge bado shavuni. Alilitoa kwenye kiganja, akakosa pa kulitupa. "Bwana wangu, ardhi iliyochukuliwa pasi na radhi ya mwenyewe... mimi sithubutu kuwaongoza watu juu yake."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Sikuulizwa, bwana wangu."

"Uliulizwa, shekhe," akasema Bi Lubaba. "Unapita mtaa huu mara tano kwa siku. Kila uwazi usio na mlango ulikuwa unakuuliza. Wewe ukainua kanzu yako isichafuke na vumbi, ukapita."

Kadhi akainamisha kichwa, na inasimuliwa kwamba tangu siku ile hakupata kusema tena neno lile, sikuulizwa.

Amiri akasimama, akazivuka kamba za hema kwa miguu yake mpaka kwa Ukasha. "Mzee wangu, nimekula kilicho chako na sikujua. Na kutojua kwangu ni kosa langu, maana nilisema mlipwe haki nikaenda zangu kula. Nisamehe." Kisha akageuka kwa hasira: "Nendeni kwa Dhirari mkaung'oe mlango wake sasa hivi, ule wa nakshi za shaba. Mkautundike kwa Mzee Ukasha!"

Watu wakashangilia. Na kusema kweli, nani asingeshangilia? Hata wewe umetabasamu. Lakini Mzee Ukasha alikuwa amekwisha kuuchukua ule ubao wa mwanawe, ameukumbatia kifuani, akasema kwa sauti ndogo:

"Usifanye hivyo, bwana wangu. Sitaki kulala nyuma ya mlango uliong'olewa kwa mtu bila radhi yake. Nitangoja wa kwangu uchongwe."

Amiri akajifunika uso kwa ncha ya kilemba chake, akalia mbele ya watu wake.

Dhirari akaondolewa kazini siku ile. Mlango wake ukabaki mahali pake, naye akawa anaufungua na kuufunga kila siku mbele ya majirani waliojua kwa hisani ya nani bado anao. Waliomwona wanasema alianza kupitia dirishani.

Ama mtaa, Amiri aliamuru milango yote ichongwe upya na itundikwe kabla ya mtu yeyote kutaja bei. Kisha akaenda mwenyewe nyumba hadi nyumba, anabisha hodi, anangoja akaribishwe. Nyumba zikathaminiwa kama zilivyokuwa zimejaa watu, pamoja na ua, kisima, kivuli, na wateja waliozoea njia. Viwanja vikatolewa ndani ya ukuta wa mji. Wengi waliridhika, wakatoka, wakafunga, wakasema neno lao. Bi Lubaba alipewa sawasawa na majirani zake, hakuongezewa hata tofali: nyumba ndogo isiyo na kisima, na tanuri akalifinyanga mwenyewe kwa udongo, huku magoti yakiendelea kumsema. Nyumba ya karibu na soko ikaingia wakfu. Alikuwa akipita mbele yake kwenda kuteka maji, na hakujifanya haioni.

Mzee Ukasha peke yake ndiye aliyesema hapana. Aliulizwa kwa adabu, akakataa kwa adabu, na Amiri akasema, "Mwacheni." Kwa hiyo msikiti wa Karmuni ulijengwa ukazunguka nyumba yake, na ukuta wa nyuma ukawa na kona iliyoingia ndani. Wageni wakiiona walikuwa wakiuliza ni fundi gani alipima akiwa na usingizi. Wenyeji wenyewe walikuwa wakiwahi mapema ili waswali kwenye kona hiyo. Walikuwa wakisujudu pale huku wanasikia, upande wa pili wa ukuta, nyundo ya Ukasha ikigonga ngozi.

Ndugu yangu muumini, watakuja wengi watakaokwambia, "Hili ni la wote, usiwe mchoyo." Huenda ni kweli, na likiwa kweli, toa. Lakini mwulize anayekwambia: huyu anayevunjiwa, yeye si mmoja wa hao wote? Asipokujibu, angalia vizuri anakula nini, na kimeivishwa kwa kuni za nani. Mwenyezi Mungu atukinge na ibada inayopitia juu ya migongo ya watu, na atupe ndimi za kusema kabla hatujashiba.